Birika Moja la Maji Moto

Kila asubuhi kabla ya shule kazi yangu ni moja: kuzoa majivu ya jiko letu na kuyamwaga kwenye mteremko wa zege ambapo Mama hushushia boti baharini. Wavuvi wote wa kijiji chetu huutumia mteremko huo, na sheria yake hata mtoto wa chekechea anaijua. Majivu mwaga utakavyo, maana yanazuia utelezi. Maji yasiyo na chumvi, hata tone, marufuku, kwa sababu huku kwetu kaskazini, wakati wa baridi, huganda kuwa barafu kabla hujageuka.

Asubuhi moja ya Februari nilimwaga ndoo nzima ya majivu, vizuri kabisa. Kisha tukakuta gurudumu la trela iliyobeba boti limegandamana na zege.

"Eirill, kachote maji ya bahari ulimwagie hilo gurudumu," Mama alisema, akaenda kuwasha trekta.

Bahari ilikuwa kule chini na mimi nilikuwa nachelewa shule. Birika la kahawa lilikuwa linachemka kibandani kwetu, hatua chache tu. Nikalimwaga lote, gurudumu likaachia papo hapo, nami nikajiona hodari.

Mama alipoanza kurudisha trekta nyuma, magurudumu yakaserereka. Trekta, trela na boti vyote vikateleza kuelekea majini! Mama akaruka, akaanguka vibaya. Trela ikagonga nguzo ya chuma, ikasimama.

Nilimkimbilia. Alikuwa ameshika kifundo cha mguu, uso mweupe. Chini yake palikuwa na barafu tupu inayong'aa. Nikafura kwa hasira.

"Ni Mzee Torleif!" nikapiga kelele. "Ameosha tena kreti zake za samaki hapa juu! Nusura amuue mama yangu!"

Mzee Torleif, jirani yetu, alikuwa anavaa jaketi okozi kando ya boti yake. "Mimi? Usinisingizie, binti!"

"Nani mwingine? Wiki iliyopita si ulionywa hapa hapa?"

Watu wakajaa. Jorunn, mwenyekiti wa wavuvi, akanyoosha mkono. "Torleif, lete ufunguo wa geti la mteremko. Tulikwambia ukirudia hushushi boti tena msimu huu."

"Mnanihukumu kwa maneno ya mtoto?" Mzee akafoka. "Nendeni mkaangalie bomba la maji la hapa! Limeganda tangu Jumatatu!"

"Maji unaweza kuyabeba kutoka nyumbani," Jorunn akajibu. "Lete ufunguo."

Akautoa. Hapo ndipo nilipoyaona majivu yangu. Yalikuwa yamesombwa, yakaacha mchirizi mmoja wa barafu, na mchirizi huo ulianzia pale pale trela ilipokuwa imesimama. Birika lilikuwa limelala pembeni na hakuna aliyelitazama. Ningenyamaza, nisingejulikana. Lakini Mzee angekaa nchi kavu msimu mzima wa kuvua chewa kwa sababu yangu.

"Ni mimi," nikasema. "Nilimwaga maji ya birika."

"Sikusikii," alisema Mzee Torleif. "Uliponituhumu kijiji kizima kilisikia. Sasa unanong'ona? Sema wasikie hadi gatini!"

"Ni mimi!" nikapaza sauti, machozi yakinitoka. "Mzee Torleif hakumwaga maji! Nisamehe, Mzee!"

Jorunn, uso umemshuka, akarudisha ufunguo na kumwomba radhi naye. Mzee akautia mfukoni, akachukua sepetu na kuanza kuvunja barafu.

"Unasimama nini?" akanifokea. "Lete majivu! Mama yako atashushaje boti?"

Nikaleta ndoo mbili. Alikanyaga kila hatua ya mteremko kwa kisigino kujaribu kama bado unateleza, akaweka magogo nyuma ya magurudumu, akaendesha trekta mwenyewe polepole. Boti ikaelea. Hakunitazama hata mara moja.

Mama alikuwa ameketi juu ya kreti, mguu umefungwa kitambaa. Nilidhani atanigombeza kuhusu birika.

"Ulifanya uvivu wa kushuka baharini, na mguu wangu umeumia," alisema. "Mguu utapona kufikia Jumapili. Lakini ulimwita mtu mkosaji mbele ya watu kabla ya kujiuliza wewe mwenyewe umefanya nini. Ukitaka kukasirika, mwanangu, anza kwa kukagua mikono yako. Kesho utamwaga majivu yetu, kisha utakwenda kubisha kwa Mzee Torleif umwombe na ya kwake ukayamwage. Yeye ndiye atakayesema lini inatosha."