Maji ya Rejeta

Gari lilikuwa linamaliza maji, na chini hapakuwa na tone.

Jilala alilivuta boksi alilokuwa amelitandika chini ya injini tangu jana, akaligeuza huku na huku. Kavu. Kavu kuliko ahadi za waajiri. Mageni, fundi wake pale Nyasubi, alifungua kifuniko cha rejeta, akazamisha kidole chote, kikatoka na vumbi.

"Jana ulijaza?"

"Wewe si ulikuwepo? Nilijaza mpaka yakamwagika kwenye viatu vyako."

Mageni alikinusa kidole. Akakunja uso, akakifuta haraka kwenye ovaroli, kama mtu aliyeshika asichotakiwa kushika.

"Inanuka udongo," alisema. "Siyo udongo wa huku juu. Ule wa chini kabisa, unaoukuta ukishashuka na kamba."

"Mageni, mimi nataka gari, sitaki mashairi."

Fundi hakucheka. Walikuwa wameshafanya kila kitu. Gasketi ilibadilishwa, silinda hedi ikapelekwa kuchongwa, pampu ya maji ikanunuliwa nyingine, feni ikafungwa iwe inazunguka muda wote. Thamostati ilishang'olewa siku ya kwanza, maana hakuna fundi nchi hii anayeiona thamostati akaiacha salama. Na bado gari lilichemsha. Yule aliyemuuzia alimwapia kwamba lilikuwa la bibi kizee wa Japani, alikuwa analitumia kwenda kanisani tu. Jilala, na shahada yake ya takwimu, aliamini. Miaka mitatu ya kuambiwa *we will get back to you* inamfanya mtu aamini chochote chenye funguo mkononi.

Mama yake, kijijini upande wa Solwa, ndiye aliyeuza ng'ombe ili gari lipatikane. Sasa Jilala alikuwa mtu wa mchomoko, gari dogo la abiria: anapakia Kahama, anashusha Kakola kwenye mgodi wa Bulyanhulu, anageuza. Akirudi chumbani Nyasubi alikuwa na godoro, jiko la gesi na simu. Waliosoma naye na kupata kazi walikuwa wanasoma meseji zake, tiki mbili za bluu, kimya. Loveness, waliyekuwa wanashea naye hadi nondo za mtihani, alimjibu mara ya mwisho kwa kidole gumba. Mama peke yake ndiye aliyepiga, na kila akipiga swali lilikuwa hilo hilo.

"Uko na nani hapo, mwanangu?"

"Niko mwenyewe, mama."

"Mwenyewe tena." Na unamsikia anavyoguna.

Alichobaki nacho kingine ni kundi la WhatsApp la wenye magari kama lake, watu wa mikoa yote wanaolia kilio kimoja. *Yangu inachemsha nikipanda mlima. Yangu inachemsha hata imesimama. Toa thamostati. Rudisha thamostati. Weka kulanti, acheni ushamba wa maji ya bomba.* Siku hiyo Jilala alirekodi video ya injini ikiunguruma, akairusha. Majibu yakaja ya kawaida, kisha jamaa mmoja wa Singida akaandika:

*Bro, kabla hatujaongelea gari, huyo abiria wako anayeomba maji si umpe kwanza?*

Jilala alikuwa peke yake wakati anarekodi. Alirudia video, simu ameibana sikioni. Mngurumo wa injini. Feni. Halafu, chini ya mngurumo, sauti ya mwanamume, inayokwaruza kama ya mtu aliyekula vumbi siku nzima: "Minzi... minzi..."

Maji, kwa Kisukuma. Aliifuta video, akatoka kwenye lile kundi bila kuaga.

Kesho yake asubuhi Mama Dorah alikuja kupanda. Mama huyu alikuwa akipeleka dagaa Kakola, mteja wa kudumu, mwenye mdomo na mwenye haki zote za kiti cha mbele.

"Mwangaluka, msomi wa takwimu."

"Mwangaluka, mama."

Alikaa. Akainuka kama ameketi juu ya mwiba.

"Wewe baba, hiki kiti umekimwagia nini? Kimelowa!"

"Hakuna kilichomwagika, mama."

Mama Dorah alikigusa kiti kwa kiganja, akakitazama kiganja. Tope jekundu. Sauti yake, ambayo kwa kawaida inasikika hadi stendi ya pili, ilishuka ikawa ya kanisani.

"Jilala. Hapa kuna mtu amekaa."

"Mama, usinifukuzie abiria."

"Siwafukuzi. Nakwambia tu." Akachukua ndoo yake ya dagaa, akashuka, na waliokuwa nyuma wakashuka wote, mmoja mmoja, hakuna aliyeaga. Mji wa Kahama unapenda habari. Jua halijafika utosini stendi nzima ilikuwa inajua kwamba gari la yule msomi lina mwenyewe.

Kwa hiyo alienda Kakola peke yake, akitumaini kupata watu wa kurudi nao.

Mchana wa njia ile ni mpana na mtupu. Majaruba yamekauka, vichuguu vimesimama, na mbele lami inametameta kama ina maji isiyokuwa nayo. Alipofika penye maduara ya zamani, yale mashimo ya wachimbaji wadogo yaliyoachwa yakafunikwa kwa matawi ya miiba, mshale wa joto uliinuka ghafla, ukapita katikati, ukagonga juu. Alizima injini. Akafungua boneti akitegemea mvuke na mfoko wa maji moto. Hakukuwa na mvuke. Kulikuwa na ile harufu, udongo wa chini, umechanganyika na jasho la mtu aliyefungiwa mahali.

Na kulikuwa na sauti. Injini imezimwa, feni imesimama, upepo hakuna, lakini ndani ya rejeta kitu kilikuwa kinameza.

Alichukua dumu lake, akaanza kumimina, na maji hayakujaa wala hayakupanda, yaliingia tu, pigo kwa pigo, kama yanavyoingia kwenye koo la mtu anayeona utapita mwaka kabla hajaonjeshwa tena, na kadiri alivyomimina ndivyo lile koo lilivyoharakisha, mpaka dumu likaisha, akachukua chupa yake ya kunywa akaimimina nayo, jua limemkalia shingoni, barabara nzima haina hata mwendesha baiskeli mmoja wa kumwambia amsimamie pembeni tu asiwe peke yake.

"Asante, kaka," ilisema rejeta.

Hapa ndipo penye aibu, na Jilala hakumwambia mtu. Alipaswa kukimbia. Miguu ilikuwa tayari. Ila ni lini mara ya mwisho mtu alimshukuru? Ni lini aliitwa kaka na mtu asiyekuwa anaomba punguzo la nauli?

"Karibu," alijibu. Akaingia kwenye gari, wakaendelea na safari.

Wakaendelea, wawili. Siku zilizofuata hakupata abiria, lakini aliondoka kila asubuhi na madumu ya maji nyuma, akaenda, akarudi, akizungumza. Alimsimulia mwenzake ile interview ya Mwanza, jinsi walivyomtaka mtu wa umri wa miaka ishirini na mitano mwenye uzoefu wa miaka kumi, na kiti cha abiria kilicheka, kicheko cha mapafu yenye mchanga, cha kweli kabisa. Hakuna aliyewahi kuicheka ile habari. Wengine walimwambia amtegemee Mungu.

Lakini midomo yake ilianza kupasuka. Alikunywa ndoo nzima akabaki na kiu. Ngozi ya mikono ikalegea, ukiivuta haikurudi. Siku maji ya madumu yalipokuwa yakiisha njiani, ulimi ulimgandama kwenye kaakaa, macho yakaingia ndani, na gari likapoa.

Mageni ndiye aliyemkamata, akamwingiza kwenye bajaji kama mgonjwa wa kipindupindu, akampeleka kwa Bibi Euphrasia, mganga wa pembeni mwa mji. Bibi alikuwa na rozari shingoni na simbi kwenye kikapu, na hakuona ajabu yoyote katika hilo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Usiongee sana, unamwaga kilichobaki." Alimtazama midomo. "Hilo gari lilipochemsha mara ya kwanza kabisa, maji ulichota wapi?"

Jilala alikumbuka. Wiki ya kwanza, gari limejaa watu, limechemsha pale pale penye maduara. Alifunga kopo kwenye kamba, akalishusha katikati ya miiba kwenye duara moja lililokuwa limetuamisha maji. Mama Dorah alikuwepo siku hiyo, akamwambia, "Kopo la kwanza mwaga chini, baba, la wenye mahali." Yeye akamjibu, "Mama, hii ni rejeta, siyo tambiko." Abiria wakacheka. Akapiga maji yote ndani.

Bibi Euphrasia alisikiliza mpaka mwisho.

"Lile duara lilifukia mtu," alisema. "Kijana wa kuja. Wenzake walikimbia, wakarusha miiba juu, wakaenda kuanza shimo lingine. Hakuna aliyejua kwao, hakuna msiba uliokaliwa. Wewe umemtoa bila kumsalimia, na ana kiu. Maji ya gari yakiisha anakunywa ya dereva."

"Nifanyeje?"

"Jua likiwa utosini, rudisha. Fungua koki ya chini ya rejeta, kinga kwa dumu, mwaga shimoni, mpaka maji yaishe yote. Uende mwenyewe, mkono uliochota ndio unaorudisha. Ataongea. Usimjibu hata neno moja, Jilala. Akikutukana, kaa kimya. Akikubembeleza, kaa kimya zaidi. Ukimjibu pale shimoni umemkubali, na mimi sina dawa ya mtu aliyekubali."

"Bibi, atakufa huyu," Mageni alinong'ona.

"Akinyamaza hafi."

Aliegesha gari pembeni mwa barabara mchana wa siku iliyofuata, akalala chali chini yake, akafungua koki. Maji yalitoka mekundu. Alijaza dumu, akalibeba mpaka kwenye miiba, akamwaga, hakusikia yakitua. Akarudi. Akajaza tena. Rejeta ya gari dogo hainywi hata nusu ya dumu, lakini lile la tatu lilijaa, na la nne, na kila alipolala chini ya injini ile harufu ilimshukia usoni, nzito, na juu yake, kwenye kiti cha abiria, springi zililia kama mtu anajigeuza.

"Kaka."

Jilala aliuma mdomo. Damu haikutoka.

"Kaka Jilala, huko unakonirudisha hakuna hata wa kumwambia leo jua ni kali, mimi nililia siku nyingi nikijua juu yangu watu wanapita, nazisikia pikipiki zao, nawasikia wakinunua mihogo, nikadhani atatokea mmoja aulize yule kijana yuko wapi, wakapita, wakapita, mpaka nikasahau jina langu mwenyewe maana hapakuwa na wa kuliita, ndipo ukashusha kopo."

Alibana koo lake kwa mkono. Maji yalikuwa yamepungua, yanachuruzika uzi mwembamba. Dakika chache tu.

"Nikishaenda," sauti ilisema, taratibu, bila hasira yoyote, "utamwambia nani?"

Aliutazama ule uzi wa maji. Alikiona chumba cha Nyasubi, godoro, tiki mbili za bluu. Alijitahidi kukumbuka mtu mmoja, hata mmoja, atakayemwambia leo jioni kwamba amepona. Mageni angefurahi, ndiyo, halafu angerudi chini ya gari la mtu mwingine.

Mkono wake ulipanda wenyewe, ukaikaza koki.

"Twende," alisema.

Walirudi Kahama jua likiteremka. Mshale wa joto ulikuwa umelala chini, haujawahi kulala vile. Injini ilikwenda kimya, nyororo, gari jipya kabisa. Jilala alikuwa mwepesi kama aliyetua mzigo. Alieleza habari ya Loveness, kiti kikacheka, naye akacheka mpaka midomo ikachanika upya. Katikati ya kicheko simu ikaita. Mama. Aliweka spika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sauti imekauka hivyo? Na huyo anayecheka ni nani?"

"Rafiki yangu."

"Jamani!" Mama alipiga kigelegele kidogo, cha peke yake, huko huko jikoni kwake. "Ahsante Mungu. Nilikuwa nashindwa hata kulala nikikufikiria. Hebu mpe simu nimsalimie."

"Mama, yuko..."

"Mpe, bwana!"

Aliitoa spika, akaiweka simu juu ya kiti kilicholowa. Macho barabarani. Hakusikia kitu, injini tu. Kisha, kwa mbali, ndani ya kile kispika kidogo, alimsikia mama yake akisema kwa furaha: "Marahaba, baba, marahaba!" Akanyamaza, kama anayesikiliza. Akacheka.

Jilala aliinyakua simu.

"Mama. Mama, nisikilize, usimwambie..."

Ulimi ulikuwa umegandama. Maneno hayakutoka, upepo tu.

"Ana heshima kweli huyu kijana," mama yake alikuwa anasema. "Anasema hana kwao, maskini, na anatamani kuja kunisalimia. Nikamuuliza nimwandalie nini, anasema hataki chakula, maji tu. Nimemwambia aje hata leo, mwanangu, hapa ni kwao. Na kisima chetu hakijawahi kukauka."