Shali ya Bibi na Kitanda Kipana

Bhaghi alimaliza kuoka mikate, akamkamua mbuzi, akamfokea jogoo aliyekuwa akichungulia unga. Mumewe, Punhal, alishakwenda kwenye pamba. Sasa angeweza kushona.

Alitandika mkeka, akafunga mlango. Katika kijiji chetu mkoani Sindh, mfarishi wa bibi harusi, yaani tandiko la viraka, hauonyeshwi kwa majirani mpaka viraka vyake viungwe. Hapo ndipo wanawake huitwa kuja kuushonea pamoja na kula wali mtamu. Kabla ya hapo ni siri, na kwa siri Bhaghi hana mpinzani.

Binti yake, Rabel, alikuwa anaolewa mjini Hyderabad. Kule hawalalii vitanda vyembamba vya kamba kama vyetu. Mama wa bwana harusi alikuwa ameleta nyuzi mbili za vipimo. Mwekundu ulikuwa upana wa kitanda, mweusi urefu wake.

Bhaghi aliupima ule mwekundu tu. Ukatoka shibiri nane. Kitanda chake mwenyewe kilikuwa na upana wa shibiri nne.

"Mara mbili!" akasema. "Basi kila kiraka nitakikata kikubwa mara mbili."

Mfarishi wake wa zamani ulikuwa wa miraba ya shibiri moja, mwekundu mmoja, mweupe mmoja. Ulikuwa na miraba minne upande hadi upande, na minane kutoka kichwani hadi miguuni. Akakata vitambaa vyeupe kwa shibiri mbili kila upande. Miraba kumi na sita ikawa tayari.

Kisha akafungua sanduku, akatoa shali nyekundu. Marehemu mama yake aliolewa nayo. Bhaghi alikuwa ameitunza miaka yote kwa ajili ya mjukuu huyu.

Akaipima kwa shibiri. Akapima tena. Ilitoa miraba minane tu, naye alihitaji kumi na sita.

"Haitoshi," akasema, akaketi chini. Machozi yakamtoka. "Itabidi nichanganye na nyekundu ya dukani. Mama atakuwa nusu tu humu."

Rabel, aliyekuwa ameketi kando yake, aliyatazama yale matambara meupe, makubwa kama trei.

"Mama, kwani kitambaa kimekwenda wapi? Mbona kitanda kimeongezeka mara mbili, na kitambaa kimekwisha kabla ya hapo?"

"Niulize mimi? Mimi ndiye ninayelia!"

"Nimwite mama mdogo Hurmat?"

"Usithubutu! Aje aone mfarishi haujaungwa?"

"Bora aone yeye sasa, kuliko mama mkwe aone baadaye." Rabel alishafika mlangoni.

Hurmat, jirani ambaye Rabel humwita mama mdogo kwa heshima, ndiye anayewafundisha wasichana kushona katika kituo cha akina mama. Aliingia huku amejishika kiuno.

"Shoga! Leo umekumbuka kwamba una majirani?" Akaiona miraba. "Haya, na huu ni wa kufunika kitanda au wa kumfunika ngamia?"

Bhaghi akacheka bila kupenda. Akaeleza yote.

"Na uzi mweusi?" Hurmat akauliza.

"Huo sijaupima. Kitanda kikiwa kikubwa mara mbili, si kila kitu ni mara mbili?"

"Pima."

Bhaghi akapima. Shibiri nane. Urefu uleule wa kitanda chake cha kamba.

"Ala! Kumbe kimenenepa tu, hakijarefuka!" Rabel akasema.

"Umeona? Sasa niletee vipande vidogo vinne vya shibiri moja moja," Hurmat akamwambia. Akatandika mraba mmoja mkubwa mweupe. "Mama yako alidhani huu ni sawa na midogo miwili. Ipange juu yake."

Rabel akapanga miwili. Nusu ya mraba ikabaki wazi. Akaongeza wa tatu, kisha wa nne. Ndipo ukafunikwa wote.

"Minne!" akashangaa. "Kwa nini minne?"

"Kwa sababu umeongeza upana na urefu, vyote viwili. Ukiongeza upande mmoja tu mara mbili, kitambaa ni mara mbili. Ukiongeza hivyo pande zote mbili, ni mara nne. Kwa hiyo usiuguse mraba. Uache wa shibiri moja, uongeze safu. Badala ya minne upande hadi upande, weka minane."

Rabel akahesabu kwa vidole. "Minane mara minane ni sitini na minne. Nusu yake myekundu. Thelathini na miwili."

Akaikunjua shali, akaipima polepole. Minane kwa urefu. Minne kwa upana.

"Mama! Inatosha kabisa!"

Bhaghi akaikamata shali akaibusu. Kisha akashtuka. "Na hii miraba myeupe niliyoiharibu?"

"Hujaharibu. Kikubwa hukatwa kikawa kidogo. Ni kidogo ndicho kisichorudi kuwa kikubwa," Hurmat akasema. "Ila jihadhari. Mshono nao unakula kitambaa. Kila mraba utapungua upana wa kidole kizima, kwa hiyo mfarishi utakuwa mdogo kuliko nyuzi. Pima baada ya kuunga, kisha uuzungushie pindo pana la rangi nyingine, hadi uning'inie pembeni."

Siku ya kushonea, wanawake walijaa uani. Bhaghi mwenyewe alifungua mlango, akawaonyesha wote nyuzi mbili, na miraba minne midogo juu ya mmoja mkubwa. Hurmat akamminya ubavu. "Siri imekufa?"

"Imekufa, na tumeila na wali."

Baada ya harusi, Bhaghi alikwenda Hyderabad kumtembelea binti yake. Mfarishi ulikuwa umetandikwa. Pindo la bluu lilining'inia sawasawa kila upande. Akahesabu miraba myekundu kwa kidole: thelathini na miwili.

"Bibi yupo mzima, mama," Rabel akasema. "Sema mshono umemla kidogo."

Bhaghi akapapasa mshono, pale kitambaa kilipokunjwa kikawa kinene.

"Haujamla," akasema. "Umemficha ndani."