Bei ya Area 25

Kila asubuhi kabla ya shule, Arlette alichota maji bombani, akafagia uwanja, kisha akafuta vumbi kwenye vyerehani viwili vya mama yake. Mama Pascaline alijifunza kushona huko Bukavu, Kongo, na sasa sare nyingi za wanafunzi wa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, zilipita mikononi mwake.

Wiki ile nyumba haikuwa na utulivu. Fabien, kaka yake Arlette, alikuwa amepata nafasi ya kusoma kompyuta kwa njia ya mtandao. Masomo yangeanza baada ya siku kumi, lakini kila alipojaribu kufungua somo kwa simu, bando liliisha katikati. Alizunguka uani akiinua simu juu kama mtu anayetafuta mvua.

"Tutaweka intaneti ya nyumbani," Mama aliamua.

Jumamosi Mama na Arlette walikwenda Lilongwe. Mama alihitaji nyuzi na vifungo katika soko la Tsoka. Ng'ambo ya barabara palikuwa na duka la kampuni ya simu.

"Wewe njo unajua Kiingereza," Mama alisema. "Uliza intaneti ni ngapi kwa mwezi, kufunga ni ngapi, na simu ya mezani nayo ni ngapi. Mi nitakungojea hapa kwa muuza nyuzi."

Arlette alisimama kwenye foleni. Nyuma yake wasichana wawili wenye viatu vinavyong'aa walikuwa wakicheka mambo yao. Zamu yake ilipofika, karani aliuliza kwa upole, "Mnakaa wapi?"

Arlette aliwatupia macho wale wasichana. Wakisikia Dzaleka, watajua mimi ni mkimbizi, aliwaza.

"Area 25," alijibu, akitaja mtaa mmoja wa Lilongwe.

Karani alimwandikia bei kwenye karatasi. Simu ya mezani, kwacha elfu kumi na nane kwa mwezi. Intaneti ya waya wa faiba, elfu thelathini na tano. Kufunga waya, laki moja na nusu. Arlette alishukuru kwa Kichewa, "zikomo", akatoka haraka.

Nyumbani, karatasi ile ilizua mabishano.

"Tuchukue na simu ya mezani," Mama alisema. "Wateja banipigie hapa hapa."

"Mama! Nani bado anapiga simu ya mezani?" Fabien alicheka. "Faiba peke yake inatosha. Bei ni nzuri sana!"

Mama alikubali. Alikuwa na akiba ya elfu sitini. Elfu tisini zilizobaki angezipata kwa kumuuzia jirani yao, Mama Nizigama, cherehani kimoja.

Tangu hapo Arlette hakutulia. Darasani aliandika tarehe isiyo sahihi mara mbili. Alitaka kusema, lakini kila alipofungua mdomo alimwona Fabien akiimba kwa furaha ya masomo yake.

Jumanne alasiri Mama Nizigama alifika na kijana wa kabaza, mwenye baiskeli ya kukodi. Kijana alikipakia cherehani nyuma na kuanza kukifunga kwa kamba za mpira. Mama alikishika kidogo, akageuza uso.

"Mama, usiuze!" Arlette alilia. "Nilidanganya. Nilisema tunakaa Area 25. Bei ile si ya hapa. Sijui hata kama waya unafika kwetu."

Kijana aliacha kufunga. Fabien alikaa chini kwenye kigoda.

"Kwa nini, mwanangu?" Mama aliuliza.

"Kulikuwa na wasichana nyuma yangu. Niliogopa watanicheka."

Mama alimgeukia jirani yake. "Mama Nizigama, unisamehe. Cherehani kibaki kwanza."

"Ee, batoto ba siku hizi! Kumbe mi nimeita kabaza bure," Mama Nizigama alisema, akacheka. "Afadhali nipoteze nauli ya kabaza kuliko wewe kupoteza cherehani."

Fabien alipiga namba iliyokuwa kwenye karatasi, akampa Arlette simu. "Haya, bibi wa Area 25. Sema wewe."

Sauti ya Arlette ilitetemeka. "Tunakaa Dzaleka," alisema kwa Kiingereza.

Karani hakucheka. Alieleza kwamba waya wa faiba haufiki Dzaleka, wala waya wa simu ya mezani. Lakini kulikuwa na kisanduku kinachotumia laini ya simu na kupokea mawimbi ya mnara. Kiligharimu elfu hamsini na tano, pamoja na malipo ya mwezi wa kwanza. Miezi mingine ingekuwa ghali kuliko faiba, elfu arobaini.

"Akiba inatosha," Fabien alinong'ona. "Na miezi mingine nitatengeneza simu za watu."

Kijana wa kabaza alikirudisha cherehani ndani. Mama alimvuta Arlette karibu yake.

"Sikiliza, mwanangu. Sisi hatukuiba kitu cha mtu. Tulikimbia vita, na kukimbia vita si aibu. Ukificha mahali unapokaa, hata anayekuletea mema atabisha mlango wa mtu mwingine. Siku ingine wakikuuliza, sema ukweli, hata kama sauti inatetemeka. Leo imetetemeka, na umesikilizwa."