Mrija Unakwenda na Mwenyewe

Mtu anayeishi peke yake haagi. Atamuaga nani? Kila asubuhi Ekaju alifunga mlango wake kwa kamba, akaenda shambani. Jioni alirudi, akafungua kamba ile ile. Hakuna aliyemuuliza, "Umetoka wapi?" Hakuna aliyemwambia, "Mbona umechelewa?"

Ekaju alikuwa kijana Mteso wa Kwapa, karibu na Tororo. Ulikuwa mwaka wa pili baada ya Uhuru wa Uganda. Baba yake alikuwa amekufa zamani. Mama yake alikufa mwaka uliopita, kwa ugonjwa wa kuhara. Dada yake, Amuge, aliolewa ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya, na watoto wadogo hawakumpa nafasi ya kuja. Vijana wa rika lake walikwenda kutafuta kazi, wengine kiwanda cha simenti, wengine mashamba ya chai. Ekaju alibaki na mihogo yake.

Jioni alisonga ugali kidogo, akala, akaosha sahani moja. Kisha alikaa mlangoni kusikiliza watu wakicheka kwenye nyumba nyingine. Kucheka kwa watu kunauma sana kama hujui wanacheka nini.

Ukutani palikuwa na mrija wa marehemu baba yake. Ulikuwa mrefu kuliko mtu. Kwa Wateso, wazee huketi kuzunguka chungu kimoja cha ajono, pombe ya ulezi, na kila mtu hunywa kwa mrija wake. Lakini mtu haendi tu. Anaitwa. Tangu baba afe, hakuna aliyemwita Ekaju.

Basi akakata shauri. Akamwambia jirani yake, Mama Taaka, mjane Msamia aliyelea mjukuu wake peke yake.

"Mama, nikivuna ulezi, nafunga nyumba. Nakwenda Kenya. Sirudi."

"Na nyumba ya baba yako?"

"Wacha panya wakae."

Mama Taaka alikuwa na ndoo ya maji kichwani, na mjukuu wake mgongoni alikuwa analia. Tumbo lilikuwa linamsumbua tena.

Siku moja Ekaju alipeleka baiskeli ya baba yake mjini Malaba, kuziba pancha. Fundi alikuwa kijana mchangamfu, jina lake Wanjala.

"Mulembe, ndugu yangu," alimsalimia Wanjala. "Huko Kwapa unakaa na nani?"

"Nakaa mimi."

"Wewe na nani?"

"Mimi tu."

Wanjala aliacha kupiga pampu. Akamtazama.

"Basi Jumamosi njoo kilabu," alisema.

"Kilabu?"

"Kilabu cha vijana. Kule kwenu Kwapa, kwenye darasa karibu na kanisa. Saa tisa. Tunakaa pamoja, Wateso, Wasamia, Wapadhola, wasichana kwa wavulana. Lakini usije mikono mitupu. Kila mtu anakuja na chombo chake."

Sasa, msomaji, nikuulize. Kilabu ni nini? Ukiuliza njiani, kutoka Malaba mpaka Busia, utaonyeshwa nyumba yenye chungu katikati na watu wamekizunguka. Ekaju angejuaje kwamba kuna kilabu cha namna nyingine? Alishangaa kidogo tu moyoni: pombe karibu na kanisa? Labda padri amesafiri.

Jumamosi alifua shati lake, likakauka. Aliushusha mrija, akatoa buibui waliokuwa wamehamia ndani, akauosha mara mbili.

"Leo kuna nini?" Mama Taaka alimuuliza juu ya ua.

"Nimeitwa, mama," alisema Ekaju. Akacheka. "Nimeitwa!"

Akaenda na mrija begani. Njiani wazee walimsalimia, "Yoga! Leo chungu kiko wapi?" Naye alijibu kwa maringo. Kwa muda mrefu hakuwa na neno la kumjibu mtu njiani.

Alipoingia darasani, hakuona chungu. Aliona majembe, mapanga na sururu, vyote vimeegemezwa ukutani. Vijana walikuwa wameketi kwenye madawati. Msichana mmoja alikuwa amesimama mbele. Huyo alikuwa Anjeline, mwenyekiti.

Wote waligeuka. Waliutazama ule mrija.

Kijana mmoja mcheshi, Emong, aliruka juu. "Jamani! Huyu amekuja kunywa!"

Darasa lote likaangua kicheko.

Ekaju alitazama majembe. Akatazama mrija wake. Akaelewa. Aibu ilimshika mpaka masikio yakawa moto. Sasa alijua watu wanacheka nini, na kumbe ilikuwa afadhali kutojua.

Wanjala alisimama haraka. "Kosa ni langu! Niliposema chombo, nilitaka kusema jembe."

"Si kitu," alisema Ekaju. "Mimi nakwenda."

Akageuka kutoka. Lakini aibu haina macho, na mrija ni mrefu. Ulikwama mlangoni. Akavuta, ukakataa. Watu walicheka tena.

Mtu mmoja hakucheka. Alikuwa ameketi nyuma, amevaa kaptura ya kaki. Huyo alikuwa Oboth, Mpadhola, mfanyakazi wa afya. Watu walimwita Bwana Afya.

"Ngoja, kijana," alisema. "Usiuvunje. Ni wa nani?"

"Ya baba yangu."

"Yupo?"

"Alikufa."

Kicheko kilikatika. Bwana Afya alikwenda mlangoni, akamsaidia kuutoa mrija polepole. "Kaa hapa karibu na mimi," alisema. "Mwenyekiti, tuendelee."

Ekaju akakaa. Hakukaa kwa kupenda. Aliogopa kuchekwa mara ya tatu pale mlangoni.

Anjeline alieleza habari. Kilabu kilitaka kuifunika na kuitilia bomba chemchemi ya Kwapa, ambako wote walichota maji. Simenti na bomba vilikuwa tayari. Lakini wazee walikuwa wamekataa. Walisema chemchemi ikifunikwa haipumui. Itakasirika, itahama.

"Tumewaeleza na tumewaeleza," alisema Anjeline. "Tumewaambia habari za vijidudu. Wanasema, tuonyesheni hao vijidudu."

Bwana Afya alikuwa anautazama mrija. "Ndugu Ekaju," alisema, "mimi si Mteso. Nifundishe. Kwenye chungu cha ajono, mtu anaweza kuchota kwa kibuyu chake?"

Ekaju alishtuka. "Hapana! Hiyo ni matusi."

"Anaweza kutia mkono?"

"Mkono? Watamfukuza! Hata kupuliza mrija, kutoa povu, wanakataa. Unaingiza mrija tu. Kila mtu na yake. Na mrija huuweki chini kwa udongo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu chungu ni ya wote. Ukichafua, umechafulia wote."

Bwana Afya aligeukia vijana. "Mmesikia? Sasa tuambie, Ekaju, chemchemi je?"

Ekaju aliiona akilini. Ng'ombe wanaingia kwa miguu. Watoto wanaogelea. Kila mama anazamisha ndoo yake, nayo ndoo imetoka kukaa chini, penye mavi ya kuku. Mvua ikinyesha, uchafu wote wa juu unateremka ndani.

"Chemchemi haina adabu," alisema polepole. "Ni chungu ya wote, lakini tunatia mkono. Tunatia na miguu."

"Na ukinywa uchafu wa tumbo la mwenzako, unaugua tumbo," alisema Bwana Afya. "Kuhara. Minyoo. Homa ya matumbo. Haionekani, lakini imo."

Ekaju aliinamisha kichwa. Kisha alisema kwa sauti ndogo, "Mama yangu alikufa kwa kuhara. Maji ya kunywa nilimchotea mimi. Pale pale."

Emong alitazama miguu yake.

"Hukujua," alisema Bwana Afya. "Siwezi kukuambia ni maji yale yaliyomuua mama. Hilo sijui. Lakini wewe ulimpelekea maji kwa upendo. Kosa si lako. Kazi yetu sasa ni kutomnywesha mtu mwingine."

Ekaju alirudi nyumbani peke yake, mrija begani. Nyumba ilikuwa kimya kama siku zote. Alilia usiku ule. Alimlilia mama yake, na alijililia mwenyewe. Asubuhi alichemsha maji ya kunywa, kama Bwana Afya alivyofundisha, mpaka yakatokota vizuri. Akampelekea Mama Taaka birika zima kwa ajili ya mjukuu.

Jumamosi ya pili kilabu kilikwenda chemchemini. Wazee walikuwepo, wamekunja uso. Ekaju alikuja na jembe. Mrija pia alikuja nao. Anjeline alimwambia, "Sema wewe."

Ekaju hakuwa amezoea kusema mbele ya watu. Lakini aliuinua ule mrija, akasema Kiteso, lugha ya wale wazee.

"Baba zangu, huu mnaujua. Chungu kikiwa na kifuniko, ajono hukasirika?"

Wazee walicheka kidogo. "Haikasiriki," walisema.

"Hupumua wapi?"

Mzee Okiror, aliyekuwa mkali kuliko wote, alijibu, "Inatoka kwa mrija."

"Basi hatuui chemchemi," alisema Ekaju. "Tunaitilia mrija."

Mzee Okiror aliutazama mrija kwa muda mrefu. "Huo nimeuona miaka mingi," alisema. "Baba yako alikaa mkono wangu wa kulia." Kisha akawageukia vijana. "Mnangoja nini? Chimbeni."

Wakachimba. Kwanza waliondoa majani na tope, wakafuata maji mpaka kwenye jicho lake, pale yanapotoka ardhini. Walijaza mawe safi na kokoto. Mbele walijenga ukuta wa mawe na simenti, wakatia bomba. Juu ya mawe akina mama walikandamiza udongo wa mfinyanzi, usiopitisha maji. Juu zaidi kilimani walichimba mtaro, ili maji ya mvua yapite kando. Mwisho walizungusha ua wa miiba kuzuia ng'ombe. Emong alibeba mawe kuliko wote, tena bila mzaha. Siku ya tatu alimwambia Ekaju, "Ndugu, nisamehe kile kicheko." Ekaju akasema, "Hata mimi, ningemwona mtu na mrija darasani, ningecheka."

Maji yalipotoka kwenye bomba, akina mama walipiga vigelegele. Sasa hakuna ndoo iliyozama ndani. Unaweka ndoo chini ya bomba, unangoja, unakwenda. Bwana Afya aliwakumbusha kuosha ndoo na mitungi, kuifunika nyumbani, na kuchimba vyoo mbali na chemchemi. Mvua za mwaka ule zilipokuja, matumbo hayakusumbua watoto kama zamani. Mjukuu wa Mama Taaka alinenepa mashavu.

Lakini usidhani upweke unaisha kama kiu. Ekaju aliendelea kuosha sahani moja jioni. Ulezi ukaiva, akauvuna. Akautazama mlango wake na ile kamba. Moyo ulikuwa nusu hapa, nusu Kenya.

Asubuhi moja Bwana Afya alifika kwa baiskeli, pamoja na Wanjala.

"Ekaju, watu wa Dabani wana chemchemi," alisema Bwana Afya. "Wazee wao wamekataa, kama wa hapa. Baadaye tutakwenda Kiyeyi. Nimekuja kuazima mrija."

Ekaju alitikisa kichwa. "Mrija hauazimwi."

Bwana Afya alisikitika. "Hata kwa siku moja?"

"Kwetu hauazimwi. Mrija unakwenda na mwenyewe."

Wanjala alipiga makofi, akacheka. "Sisi tulikuwa tunaogopa kukuomba uje! Tulisikia unahama."

Ekaju aliingia ndani, akaushusha mrija ukutani. Alitoa baiskeli ya baba. Alifunga mlango kwa kamba, kama kila siku. Kisha alisimama. Aliona kuna kitu amesahau, lakini hakujua ni nini.

Mama Taaka alikuwa nje, anaanika mihogo. Ekaju akaenda kwenye ua.

"Mama," alisema, "nakwenda Dabani. Nitarudi jioni."

Mama Taaka alinyoosha mgongo. Alimtazama yeye, akautazama mrija.

"Haya, mwanangu," alisema. "Usichelewe. Nitakuwekea chakula."