Saa Nne Langoni

Kila siku ya likizo ya Juni, saa nne asubuhi, nilimfunga mdogo wangu Philbert mgongoni kwa kitenge nikampeleka ghalani anyonye. Alikuwa na miezi minne. Mama yetu, Zita, alikuwa kibarua humo, akichambua maharage ya wakimbizi wa kambi ya Lukole.

Msimamizi mpya, Bwana Wiston, alianza Jumatatu. Msimamizi gani! Alining'iniza filimbi shingoni utadhani refa, kumbe kazi yake ni kukaa langoni akitafuna karanga.

"Shikamoo," nilimwamkia.

Hata marahaba hakunipa. "Mama yako hana nafasi. Hapa ni ghala, si kliniki. Na ukipeleka maneno nyumbani, kesho hana kazi!"

Nami, mwoga mkubwa, nikarudi nikampa mtoto uji wa muhogo. Jumanne ikawa vilevile.

"Tecla, mbona humleti mtoto?" Mama alinigombeza jioni. "Bwana Wiston anasema hujafika!"

"Nilipitiwa na usingizi," nikadanganya.

Jumatano Philbert aliharisha, macho yakaingia ndani. Nilikimbia naye hadi langoni. Nesi Leonsia wa zahanati alikuwa pale, amekuja kuchukua maharage ya wagonjwa.

"Wewe tena? Toka!" Bwana Wiston alifoka. Philbert akalia. Mara Mama akatoka na ungo mkononi, blauzi imelowa maziwa.

"Si ulisema haletwi?" Mama akamuuliza Bwana Wiston.

"Ndiyo kwanza namwona leo," akajibu mtu mzima yule, bila haya.

"Mwongo!" nikapiga kelele. "Ulinifukuza juzi na jana!"

Nesi Leonsia akaonyesha tangazo lililobandikwa kwenye bati la lango. "Hili umelisoma?"

"Hilo nilizibia tundu la bati tu," akasema Bwana Wiston.

"Tecla, msomee."

Nikasoma kwa sauti: "Mama anayenyonyesha aruhusiwe kumnyonyesha mtoto wakati wa kazi, kwa muda wa hadi saa mbili kwa siku."

Wanawake waliochambua maharage na Mama wakamcheka waziwazi. Mkuu wa ghala alipoambiwa, alimwagiza Bwana Wiston apulize filimbi kila siku saa nne kuwaita akina mama wakanyonyeshe. Ikampasa apulize, mashavu yamemvimba.

Philbert alipopona, Nesi Leonsia aliniita. "Wiston alidanganya, kweli. Lakini na wewe ulimfichia, na aliyeumia ni huyu mtoto mchanga asiyeweza kusema. Mtu akikutisha ili unyamaze, siku hiyo hiyo mwambie mama yako."

Nilimfunga Philbert mgongoni, nikampeleka kwa Mama.