Fimbo Mbili za Mama Pacha

Kila asubuhi Fundi Viatu alifungua dirisha la chumba cha mbele. Alipanga nyundo, sindano na gundi juu ya meza. Mke wake alimletea chai. Alikuja polepole, mkono mmoja ukishika ukuta.

Mtaani wote walimwita Mama Pacha. Alizaa mapacha, msichana na mvulana. Mvulana alifariki miezi minane iliyopita, akiwa na miaka ishirini na mmoja. Homa ilimchukua kwa siku nne. Jina la mama yake halikubadilika. Watu waliendelea kumwita Mama Pacha, naye aliendelea kuitika.

Asubuhi moja Fundi alichukua viatu vya mke wake, akavipindua.

"Mama watoto, njoo uone. Cha kushoto ni kizima. Cha kulia kimeliwa upande mmoja kama mkate ulioachiwa panya."

"Si utie soli mpya? Ndiyo kazi yako."

"Soli nitatia. Lakini goti lako limezidi kuharibika."

Mama Pacha alijikanda goti. Goti la kulia lilianza kumuuma alipokuwa akifua mashuka ya hospitali, akisimama kutwa nzima. Siku ya mazishi ya mwanawe lilivimba kama boga. Makaburi yako juu ya kilima, na njia ni ya mawe. Wanaume walimwekea kiti wakamwambia, "Mama, kaa hapa chini. Tunarudi sasa hivi." Akakaa. Mwanawe akapandishwa, akazikwa, watu wakashuka. Yeye hakuona hata udongo.

Tangu siku hiyo aliomba jambo moja tu: "Mungu wangu, nifikishe kwa mwanangu kwa miguu yangu mwenyewe."

Fundi alimpa fimbo. Mama Pacha aliishika kwa mkono wa kulia, upande wa goti bovu, akawa anaiegemea mwili mzima. Baada ya wiki mbili, bega nalo likaanza kuuma.

"Nilitafuta mguu wa tatu, nimepoteza bega," alisema.

Binti yake hakungoja zaidi. Aliwapeleka wazazi wake kituo cha afya, kwa mtaalamu wa viungo. Alikuwa mwanamke kijana mwenye kicheko kikubwa.

"Mama, tembea mpaka mlangoni, urudi." Alimtazama. "Aa, hapana. Fimbo moja hushikwa kwa mkono wa upande wa mguu mzima."

"Lakini kinachouma ni huku!"

"Ndiyo maana wengi wanakosea. Baba yangu mwenyewe bado anabishana na mimi. Sikiliza, mama. Mguu mbovu unapokanyaga, fimbo ya upande wa pili inakanyaga pamoja nao. Mzigo unagawanyika. Wewe umeurundika wote upande mmoja. Sasa niambie, unataka kufika wapi?"

"Juu ya kilima. Kwa mwanangu."

"Anakaa huko?"

"Amelala huko."

Mtaalamu alivuta kiti, akakaa karibu naye.

"Basi tutatumia fimbo mbili," alisema kwa upole. "Na hatutakwenda kwa haraka."

Fundi alitengeneza fimbo mwenyewe kwa mipini ya mafagio. Alifunga ngozi pa kushikia, na chini akapigilia mpira wa tairi ili zisiteleze. Wiki iliyofuata walizipeleka. Zilimfika mama makwapani.

"Baba, umemtengenezea mchunga ng'ombe?" mtaalamu aliuliza. "Mama, simama wima na viatu vyako. Ncha iwe chini. Kiwiko kikunjike kama pembe ya meza. Hapo ndipo pa kushika. Baba, kata."

Fundi alikata palepale kwa msumeno aliokuja nao, akafunga ngozi upya. Mtaalamu akaanza kufundisha.

"Ukitembea kawaida, mikono inapunga tu. Miguu inafanya karibu kazi yote. Ukiwa na fimbo mbili, mikono, mabega, mgongo na tumbo navyo vinafanya kazi. Mguu wa kulia ukienda mbele, mkono wa kushoto uende mbele. Fimbo ilale kidogo, ncha itue nyuma ya mguu wa mbele, halafu usukume ardhi. Ukiichomeka mbele sana kwenye tambarare, umejifungia breki."

"Kwa hiyo goti halitabeba tena?" Fundi aliuliza.

"Sitakudanganya, baba. Litabeba. Kwenye tambarare nafuu yake ni ndogo, na wengine hawaioni kabisa. Faida kubwa ni wakati wa kushuka, maana hapo mwili wote unaliangukia goti. Halafu mama hatayumba. Ila moyo wake utafanya kazi zaidi, kwa sababu misuli inayofanya kazi ni mingi. Akiweza kuongea huku anatembea, mwendo ni mzuri. Akishindwa, apunguze."

"Kuongea hakujawahi kumshinda huyu," Fundi alisema.

Mama Pacha alicheka. Kisha akakumbuka, akaacha.

"Goti likivimba, usijikaze," mtaalamu aliongeza. "Njoo unione."

Alianza kwa dakika kumi uani. Baadaye akatoka mtaani. Muuza mkaa alimwita kutoka ng'ambo, "Mama Pacha! Makasia unayo, mtumbwi uko wapi?"

"Umetangulia. Nipishe njia niufuate!"

Zipo siku alirudi nusu ya njia. Zipo siku hakutoka kabisa, alikaa kitandani ameshika shati la mwanawe. Binti yake alikaa naye, wala hakumlazimisha. Wiki ya saba Mama Pacha alisema, "Kesho."

Walipanda watatu. Kwenye mwinuko mama alishika fimbo chini kidogo, kama alivyofundishwa, maana fimbo ndefu humchosha anayepanda. Alipumzika mara sita. Hakukubali kushikwa mkono.

Kaburi lilikuwa la tatu kutoka njiani. Mama Pacha alitaka kupiga magoti, akashindwa. Aliegemea fimbo zake, akaomba amesimama. Machozi yalidondoka kwenye udongo ambao hakuwahi kuuona.

Baada ya muda alitazama pembeni. Makaburi mengine yalifunikwa na majani. La mwanawe lilikuwa safi.

"Nani anafyeka hapa?"

Binti alimtazama baba yake. Fundi aliangalia chini.

"Mimi. Kila Jumapili."

"Na hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kwamba mimi nafika na wewe hufiki?"

Mama Pacha alimgeukia. "Miezi kumi," alisema. "Wewe unalia peke yako huku, mimi nalia peke yangu nyumbani."

Fundi alifuta uso kwa kiganja chake cheusi kwa rangi ya viatu.

Walishuka taratibu. Sasa mama alitanguliza fimbo chini mbele yake, kisha akapiga hatua fupi, magoti yamekunjwa kidogo. Hakuanguka. Kesho yake asubuhi goti lilimuuma kidogo, lakini halikuvimba.

Jumapili iliyofuata walipanda tena, mume na mke. Fundi alifyeka. Mama Pacha aliokota majani yaliyokatwa, moja moja, akayaweka kando. Walipomaliza, waliomba pamoja, wakalia pamoja.