Ng'ombe wa Mahali

Kila Jumamosi Zipora alikuwa na kazi tatu: kuchota maji, kupepeta mchele, na kwenda posta kuuliza kama kuna barua ya kaka yake. Kazi mbili za kwanza zilimchosha mikono. Hii ya tatu ilimchosha moyo. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa darasa la nne, na kwa miezi minne alikuwa akibeba siri ambayo mama yao hakuijua.

Kaka yake, Donatus, alirudi Kahama mwaka huo wa 1956 kutoka Morogoro, alikosomea sheria kwa miaka miwili katika chuo cha serikali. Watu wa mtaa wao wa Nyasubi walianza kumwita Wakili hata kabla hajavua viatu vya safari. Yeye mwenyewe alitaka kuajiriwa karani katika ofisi ya mawakili kule Mwanza, na siku moja aende ng'ambo, akarudi wakili kweli. Aliandika barua kwa ofisi tatu. Ya kwanza ilimwita, ikamhoji, kisha ikamchukua mtu aliyejua kupiga taipu. Ya pili ilimjibu kwamba nafasi imekwisha jazwa. Ya tatu ilimjibu kwa mstari mmoja tu, na huo mstari haukuwa mtamu.

Majibu hayo yote Zipora ndiye aliyeyaleta kutoka posta. Donatus aliyaficha chini ya godoro, na mama alipouliza, alisema bado anangoja. Basi ile safari ya posta ya kila Jumamosi ilibaki kuwa mchezo wa kumtuliza mama, na Zipora aliuchukia.

Siku moja alimuuliza kaka yake atafanya nini ikiwa Mwanza hawamtaki. Donatus alijibu kwa hasira kwamba mtu aliyesoma sheria hawezi kuwa kitu kingine. Lakini wiki ileile alimnong'oneza kwamba Jumatatu ijayo ataondoka na lori la wachimbaji kwenda Geita. Kule mgodini hakuna anayemjua, wala hakuna atakayemwita Wakili. Vitabu vyake alikwisha vifunga kwa kamba. Alisema atavitoa kwa mwanamke auzaye karanga sokoni, achane kurasa za kufungia karanga zake.

Zipora aliumia sana kusikia hivyo. Alikumbuka jinsi mama alivyouza mpunga wa misimu miwili ili vile vitabu vinunuliwe. Lakini alikuwa ameahidi kunyamaza, akanyamaza.

Jumamosi iliyotangulia safari hiyo, Zipora alipokuwa akipepeta mchele mbele ya nyumba, alifika mama mmoja mwenye vumbi hadi magotini. Zipora aliweka ungo chini, akamwamkia, "Shikamoo, mama." Yule mama akaitikia marahaba, akasema anatoka Kagongwa na ameanza safari kabla ya jua. Aliitwa Mama Mageni, mjane. Mkononi alishika karatasi iliyokunjwa mara nyingi.

"Nimeleta balua," alisema. "Nimeambiwa hapa yupo Wakili."

Zipora aliingia ndani. Donatus alikuwa amelala chali akitazama dari. Alisikia yote, akatikisa kichwa. "Mwambie sipo," alisema.

Zipora alitoka, akasema kaka hayupo. Alidhani mgeni ataondoka. Mama Mageni alishukuru, akatandika khanga yake kivulini, akaketi, akanyoosha miguu. Alisema kutoka Kagongwa ni mbali, kwa hiyo kungoja hakumpi tabu. Zipora alirudi kwenye ungo wake, na kila alipoinua macho alimwona yule mama amekaa palepale, akimwamini. Kivuli kilihama, naye akahama nacho. Mwishowe Zipora hakuweza kuvumilia. Alirudi ndani, akasimama mlangoni.

"Kaka, nimesema uongo na ametushukuru," alisema. "Sitatoka tena kusema mwingine."

Donatus aliinuka kitandani, akavaa shati, akatoka. Hakumtazama mgeni usoni. Alimwamkia, akasema, "Mama, nisamehe. Nilikuwepo. Na mimi si wakili. Niliomba kazi Mwanza kwa mawakili, wote wamenikataa. Sina msaada wowote."

Aliyasema hayo kwa sauti ya kawaida, wala hakujua kwamba mama yao, Bernadina, alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba na kuni kichwani.  Bernadina alitua kuni zake polepole, akaketi juu yake.

Mama Mageni alionekana kushangaa kidogo. "Mwanangu, mimi sikukuomba uwe wakili," alisema. "Naomba unisomee tu."

Donatus aliipokea ile karatasi. Ilitoka kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, aliyekuwa akisikiliza rufaa za mabaraza ya watemi, yaani machifu wa kienyeji. Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Mama Mageni alikuwa na ng'ombe wanne. Jirani yake, Bujiku, alidai kwamba ni wake, kwamba alimwachia marehemu mume wa Mama Mageni awalishe tu. Baraza la mtemi lilimpa haki Mama Mageni. Bujiku akakata rufaa. Sasa Bwana Shauri aliandika kwamba amesoma maneno ya mjane katika kitabu cha baraza, na kwamba mjane mwenyewe amekiri kuwa hao ni ng'ombe wa mahali pale, hakusema kuwa ni wake. Aje Ijumaa aeleze kwa nini wasirudishwe kwa Bujiku.

Donatus alimuuliza kama kweli alisema hivyo barazani.

"Eeh, ndivyo," alijibu Mama Mageni kwa uhakika. "Ni ng'ombe wa mahali. Nilisema mara tatu."

Donatus alishusha pumzi. Alimweleza kwa upole kwamba kwa maneno hayo amejifunga mwenyewe, na hao ng'ombe watakwenda.  Yule mama alisema ng'ombe wale ndio waliowekwa ili mwanawe mdogo, Mabula, aje aoe. Hakuwa na wengine.

Zipora aliyasikia hayo na ungo mapajani. Juzi tu mwalimu wake alikuwa amemrudishia imla yenye wino mwekundu, kwa sababu aliandika kalamu ni lahisi na balabala ni ndefu, kama wanavyotamka watoto wote wa Kisukuma. Neno moja likamgonga masikioni.

"Mama," aliuliza, "mahali ya nani?"

"Mahali ya Mageni," alijibu mjane, kana kwamba jambo hilo liko wazi kwa kila mtu. "Binti yangu, alipoolewa. Wakwe walileta ng'ombe wanne."

Donatus alimtazama dada yake, kisha akaitazama karatasi. Miaka miwili ya Morogoro ilikuwa imemfundisha kusoma maandishi, akasahau kusikiliza watu wa kwao. Mjane alisema mahari, kwa ulimi wa nyumbani. Karani aliandika mahali. Na Bwana Shauri alisoma alichoandika karani.

Alasiri ileile Donatus, Zipora na mjane walikwenda kwa karani wa baraza. Aliitwa Mwinyimvua, mtu wa Bagamoyo, mwenye miezi sita tu Kahama. Kiswahili chake kilikuwa safi kama maji ya mtungi, na Kisukuma hakukijua hata cha kuombea chumvi. Mwanzoni alikasirika. Alisema ameandika alichosikia, herufi kwa herufi, na kwamba hafundishwi kazi na vijana wasio na kazi.

Neno hilo lilimchoma Donatus. Lakini hakuondoka. Alikiri kwamba ni kweli hana kazi, kisha akamwomba karani jambo moja tu: amuulize Mama Mageni, yeye mwenyewe, maana ya ng'ombe wa mahali. Mwinyimvua akauliza. Mjane akaeleza habari ya binti yake, harusi, wakwe na ng'ombe. Kadiri alivyoeleza, ndivyo uso wa karani ulivyobadilika.

"Kumbe ni mimi," alisema hatimaye. Aliomba radhi kwa mjane, akachukua kalamu, akamwandikia Bwana Shauri barua ya kukiri kosa lake. Angeweza kunyamaza, maana hakuna aliyemlazimisha. Zipora alimheshimu sana kwa hilo.

Jumatatu lori la Geita lilipita asubuhi na mapema na kupiga honi. Donatus alikuwa mezani akiandika maelezo ya mjane, hakuinua hata kichwa. Siku ya Ijumaa, kwa ombi la karani, aliruhusiwa kuwa mkalimani. Wazee wawili wa baraza walieleza kwamba waliwaona ng'ombe wale wakiletwa siku ya harusi ya Mageni. Bujiku alipoulizwa ni nani aliyemwona akiwaacha kwa marehemu, hakuwa na jina la kutaja. Bwana Shauri alisema ng'ombe wabaki walipo.

Mama Mageni alilia nje ya boma la wilaya, akamshika Donatus mikono yote miwili. Bernadina alikuwepo pia. Tangu Jumamosi hakuwa amemkaripia mwanawe. Alimwambia tu kwamba kilichomuuma ni ule uongo wa miezi minne, maana uchungu wa kukataliwa angeweza kuubeba pamoja naye.

Mwinyimvua, ambaye Donatus alikwisha msimulia habari za Mwanza, aliwakuta hapo. Alisimama na mkoba wake kwapani, akamtazama Donatus, kisha Zipora.

"Mimi nilisomea ukadhi," alisema. "Babu yangu alikuwa kadhi, nikajua na mimi nitakuwa. Akachaguliwa mwingine. Mwaka mzima nilijifungia ndani, nikisema kama si kadhi basi si kitu. Ule mwaka ndio ninaoujutia, ukadhi hata siukumbuki. Elimu uliyonayo, kijana, si mali ya zile ofisi za Mwanza. Hawakukupa wao, hawawezi kuichukua. Endelea kuomba kazi unayoitaka. Lakini uwe na njia ya pili, na ya tatu, uzifanye kwa heshima ileile. Na wewe, Zipora, ukikataliwa jambo, waambie watu wa nyumbani siku hiyohiyo. Mtu anayeficha kushindwa kwake hawezi kusaidiwa."

Hakuwa na kazi ya kumpa, alisema hivyo waziwazi. Ila kila Alhamisi, siku ya baraza, watu hufika na karatasi wasizoweza kuzisoma, na maneno yasiyofika walikokusudia.

Jioni hiyo Donatus alizitoa zile barua tatu chini ya godoro, akaziweka mbele ya mama. Nyuma ya ile yenye mstari mmoja aliandika mambo anayoweza kufanya: kuandika na kusoma barua za watu, kutafsiri barazani, kuomba kazi katika chama cha ushirika cha wakulima wa pamba, kufundisha. Zipora alimsahihisha tahajia ya neno moja, wakacheka. Vitabu vilifunguliwa kamba. Mama akatoa meza yake ya kukatia mboga, akaifuta vizuri.

Alhamisi iliyofuata Donatus aliibeba meza hiyo begani. Zipora, aliyekuwa akienda shule, alitembea naye hadi njia panda. Hapo akamuuliza itakuwaje Mwanza wakiandika tena, safari hii wakimtaka.

"Nitawajibu kwa furaha," alisema Donatus. Akaiweka meza vizuri begani. "Lakini leo kuna baraza, na watu wamekwisha fika."